Tarehe Mosi Julai

Mtendaji alitugawia kalamu, fomu, na majina ya wazee,
akasema posho mtaiona mwisho wa mwezi.
Mwezi umekwisha mara mbili. Tuyaache hayo.
Mimi nikaangukia Igogo juu, kule nyumba
zilikong'ang'ania majabali kama kupe
na ngazi zilichongwa na mtu aliyechoka:
moja fupi, inayofuata inakuleta goti kidevuni.

Kazi yenyewe ndogo. Jina. Jinsia. Maradhi.
Tarehe ya kuzaliwa, visanduku vinane,
ndipo mzee apate kadi, atibiwe bila kulipa.

Mzee Lugwisha, aliyepakia marobota ya pamba bandarini
hadi mgongo ukagoma,
akakuna kidevu, akasema, "Andika nzige."
Nzige si tarehe, babu.
"Wewe hukuwaona. Walilificha jua.
Mama alinifunika kwa ungo akaenda kupiga debe shambani.
Mpaka leo nauona ule ungo."
Mkewe akadakia kutoka jikoni: "Anauona! Alisimuliwa!"
Ukazuka ugomvi wenye umri sawa na ndoa yao,
nami nimekaa, kalamu hewani,
korongo juu ya bati akitusikiliza kwa shingo tupu.

Mlango wa Bi Nyanjige niliuacha wa mwisho.

Nitasema ukweli. Nilipokuwa darasa la pili
tuliupita mlango ule mbio, tumeziba pumzi,
kwa sababu ya macho yake mekundu
na kwa sababu ya yale wakubwa waliyonong'ona
wakidhani watoto hawana masikio.
Sasa nina kitambulisho shingoni, nimepiga hodi.
Akanikaribisha kigodani. Akaniuliza wa nani.
Nilipofika kwenye maradhi alicheka kidogo:
"Moshi, mwanangu. Miaka thelathini nabanika sangara.
Watu wamekula samaki, mimi nikala moshi."
Nikaandika: macho.
Ndilo neno pekee lililokaa sawasawa katika fomu nzima.

Tarehe?
"Uhuru ulikuja, mvua nayo ikaja, isijue kusimama.
Ziwa likapanda. Baba alilala na shamba la viazi,
akaamka na mamba.
Usiku huo ndio wangu."
Halafu akanigeuzia: "Na wewe?"
Nikamtajia siku, mwezi, mwaka, kama namba ya simu.
"Hizo hesabu. Nauliza mwaka wako uliitwaje."

Sikujua kama mwaka wangu una jina.

Akahesabu kwa vidole, akarudia, akakunja kimoja.
"Basi wewe ni wa mwaka ziwa liliporudi nyuma.
Tulitembea kwa miguu palipokuwa na kina.
Tuliokota nanga, sufuria, kiatu kimoja cha ngozi.
Mama yako, tumbo hili hapa, alikuwa akivunja kuni
kwenye mtumbwi uliooza, nikamkataza, hakusikia.
Ndiyo maana unatembea ukitazama chini,
kama mtu aliyedondosha kitu matopeni."

Nilirudi ofisini na visanduku vitupu.
Mtendaji hakuinua uso. "Wasiojua, jaza mosi Julai.
Kompyuta inataka namba."
Hivyo Igogo juu, siku moja,
wamezaliwa watu arobaini na mmoja,
na hakuna aliyesikia kilio.
Pembeni, kwa penseli, niliandika:
nzige. Ziwa kupanda. Ungo (mkewe anapinga).

Kadi zilitoka. Ya Bi Nyanjige jina walikosea,
nikairudisha, ikakosewa upya, tukaichukua hivyo hivyo.
Jumamosi sikutumwa na mtu. Tulishuka zile ngazi
mkono wake begani kwangu, tukipumzika kila jiwe,
na watoto wa jirani wakituangalia,
wawili wakakimbia, mmoja akabaki akatusabahi.

Bugando, kwenye dirisha la macho,
muuguzi akauliza bila kutazama: "Bibi, umri?"
Akanielekezea kidole.
"Muulize huyu.
Huyu anajua ziwa lilikuwa wapi."