Msuluhishi wa Tukuyu

Leo tena nimewapatanisha watu.
Ambakisye na mkewe, ugomvi wa miezi saba,
nimeumaliza kabla chai haijapoa.
Nilimwambia, baba, jishushe.
Akajishusha.
Wakaniachia mkungu wa ndizi mlangoni.

Sijui kwa nini huwa rahisi hivyo.
Labda ugomvi wa mwingine nauona mzima,
kama Mlima Rungwe siku mawingu yanapoachia:
huku bonde, kule njia, pale pa kupumzikia.
Wangu naishi ndani yake. Ni ukungu tu,
na miguu yangu.

Ng'ambo ya kijito moshi wa Subilaga
hupenya migomba saa ile ile na wangu.
Dada yangu, tumbo moja. Mwaka wa sita hatusalimiani,
kisa blanketi la mama,
ambalo nililichukua mimi,
ambalo sijawahi kujifunika, hata Juni.
Maneno ninayo. Nimeyagawa kata nzima:
anayetangulia kusalimu hapungui kimo.
Yamewafaa wote.

Jioni nilikata ndizi nusu ya mkungu,
nikalikunja blanketi, nikalitia kwapani,
nikafika hadi kwenye gogo la kuvukia.
Nikasema, lakini mvua hii.
Nikarudi.

Sasa imekatika. Mabati yanachuruzika.
Moshi wa ng'ambo umenyooka, mweupe, unaonekana vizuri.
Nimekaa kizingitini, blanketi magotini,
naomba inyeshe tena,
au aje mtu, yeyote,
na ugomvi wake.