Njano Iliyokuwa Chini ya Stepni

Niliikuta Nyambiti, ghala la nyuma la kinu cha pamba,
imelala kwa tumbo, matairi yameoza,
kama ng'ombe aliyekataa kuvuka mto.
Karani Lushinge alinitajia bei ya chuma chakavu,
kisha akaongeza elfu hamsini
alipoona mkono wangu hauondoki kwenye boneti.

Datsun ya milango miwili, ya mwaka sabini na mbili,
pua ndefu, kisogo kifupi,
gari la mtu asiye na mzigo wala wakwe.
Nyuzi za pamba zilikuwa kila mahali,
ndani ya kabureta, nyuma ya mshale wa spidi,
na panya alikuwa amezalia kwenye kisanduku cha hewa:
watoto sita, wa waridi, hawajafungua macho.
Nikawahamisha kwanza. Ndipo nikaita lori.

Mchana napiga picha za mifupa, Bugando, chumba namba nne.
Vuta pumzi. Usipumue. Haya, pumua.
Jioni, Nyakato, kwenye banda langu la mabati,
navaa ovaroli ya marehemu kaka
nalala chali chini ya sakafu yake, tochi mdomoni,
kusoma mifupa mingine.
Huu ulivunjika, ukaungwa vibaya.
Huu unaonekana mzima;
uguse kwa bisibisi:
unga.

Mama Nyanzobe wa dukani huuliza
kwa nini nisinunue Vitz kama wenye akili.
"Hela hiyo ungejengea," anasema, na ni kweli,
uzio wangu mpaka leo ni manyara.
Gasketi imekula bati la jiko.
Klachi imekula Krismasi mbili.
Pistoni alizileta mpwa wangu kutoka Nairobi, zimefungwa kwenye kanga;
pale Sirari afisa akafungua, akageuza moja kiganjani:
vikombe gani hivi visivyo na mkono?

Rangi ilikuwa kijani, kazi ya mtu mwenye haraka.
Chini ya kijani, nyekundu. Chini ya nyekundu, puti.
Lakini nilipoinua stepni,
pale ambapo jua halikuwahi kufika,
njano,
njano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji.
Nikakaa chini.
Maharage yaliungua jikoni, nikayasikia kwa pua, sikuinuka.

Ng'wandu fundi rangi alichanganya siku tatu,
kopo mkono huu, kifuniko cha stepni mkono huu,
akapuliza Jumamosi alasiri, upepo umetulia.
Tulikuwa tunanawa mikono kwa petroli
moshi uliposimama juu ya ziwa,
mweusi, mrefu, kama kisiwa kinachoungua,
ukaanza kutembea kuja kwetu.

Wadudu wa ziwa.
Wakatua kwenye njano mbichi, wakabaki.
Ng'wandu akapiga kofia yake chini.
Mimi nilicheka, sijui kwa nini.
Datsun ilikuwa imeota manyoya.

Maji na msasa, maji na msasa, wiki nzima,
mpaka vidole vikakataa kushika kijiko.
Safari hii tukangoja mwezi mpevu,
maana wale hupenda mwezi mchanga,
tukapuliza alfajiri, milango imezibwa kwa magunia.
Mmoja alipita hata hivyo.
Yupo chini ya taa ya kushoto, mbawa wazi,
amezama kwenye njano kama herufi.
Ng'wandu alishika wembe amtoe. Nikamshika mkono.

Jana iliwaka, jaribio la kumi na moja.
Niliiambia: vuta pumzi. Usipumue.
Ikakohoa, ikatema kipande cha pamba kwenye ekzosi,
ikanguruma mpaka kuku wa Mama Nyanzobe wakapanda ukuta.
Nikaitoa barabarani, kioo chini, kitambaa kichwani,
nikafika Mabatini
ikazimika.

Kimya chake nilikijua: mafuta, si umeme.
Lakini kabla sijashuka
wauza sato walikuwa nyuma yangu, watano, sita,
wanasukuma, wanacheka, wananiita dereva.
Viganja vyao vimeacha magamba kwenye njano.
Leo asubuhi nimetoka na ndoo na sabuni,
nimeizunguka mara mbili,
nikamwagia maji mchicha.