Kituo cha Nne

Nililipa elfu mbili na mia tano
kuonyeshwa mtaa niliozaliwa.

Tulikuwa saba. Mwongozaji, Twalibu,
fulana ya kijani yenye mchoro wa sufuria,
alinyanyua mwavuli uliofungwa
tusije tukapotea. Kuze, alisema, ina vichochoro.
Nikaitikia kwa kichwa kama mgeni.

Kituo cha kwanza, kachiri za muhogo
ndani ya gazeti la juzi:
nusu ya uso wa mgombea imeloa mafuta.
Cha pili, mishikaki. Maharusi wa Eldoret
walilishana, moshi ukawaingia machoni,
wakapigwa picha wakilia.
Cha tatu, mabuyu. Tukatoana ndimi nyekundu,
watu wazima, kando ya ukuta wa madrasa
ambako ulimi wangu ulikuwa ukikaguliwa.

Cha nne, Twalibu alishusha sauti.
"Hapa, ndugu zanguni, pana siri ya miaka mia.
Rojo hii ya ukwaju, mpishi wa sultani
alimfunulia bibi mmoja
akiwa kitandani anakata roho."

Siri?
Mwaka ule ndimu zilipanda bei.
Mamangu alikuwa na deni la unga wa dengu
na gunia la ukwaju lililoachwa
na mpangaji aliyehama usiku
bila kulipa miezi mitatu.
Kodi ile tuliila miaka kumi na minane.

Nilitaka kusema.
Lakini Mwalimu Cherotich wa Kericho
alishaandika *mpishi wa sultani* daftarini
na kulipigia mstari,
na Twalibu alikuwa anatokwa jasho la raha,
jasho la mtu ambaye uongo wake umeiva.
Nikamwacha sultani na mpishi wake.

Karai ni lile lile.
Mkono mmoja umefungwa waya wa antena,
nilioufunga mimi, darasa la sita.
Nyuma yake Mwanamisi, aliyekuwa akitumenyea viazi,
sasa ana miwani na vijana wawili wa kumtumikia.
Hatazami nyuso, ahesabu sahani.
Anachovya kiazi, vidole manjano hadi kifundoni,
anakung'uta mara moja, anakitia.
Mkono ule haukuwa wake.
Niliuacha hapa wakati naenda Doha
kufua mashuka ya hoteli.
Mazikoni sikuja. Viza.

Niliuma. Kikanichoma kaakaa.
Ukwaju, halafu pilipili,
halafu, imechelewa kama kawaida yake,
ile sukari guru
ambayo hakuna aliyeniambia kuwa bado iko.

"Vipi, dada? Mara ya kwanza?"

"Chumvi imepungua," nilisema.

Lilinitoka tu. Ni neno la mamangu,
kila jioni, kiazi cha kwanza,
hata siku ambayo chumvi ilikuwa imezidi.

Kijiko cha Mwanamisi kilisimama hewani.
"Ni nani asemaye chumvi imepungua?"
Akavua miwani, akaifuta kwa leso,
akanikazia mato mpaka mafuta yakaanza kulalamika.
"Twalibu. Huyu umemtoza ngapi?"

Twalibu akautazama mwavuli wake.

"Mrejeshee."

Nikasema hapana, nikasema kazi ni kazi.
Hakubishana. Alisukuma beseni kwa mguu.
"Viazi hivyo. Kisu wajua kiwekwapo."

Wenzangu walielekea kituo cha tano,
kahawa tungu na kashata.
Mwavuli ukakata kona.
Nami nikakaa juu ya debe, mkoba bado shingoni,
nikimenya vibaya, nene mno,
Mwanamisi akiniangalia maganda bila kusema neno.
Pole hakunipa. Alinipa kiazi kingine.

Punde si punde Twalibu huyo, mbio,
anahema, akainama sikioni mwangu:
"Dada, samahani. Yule mpishi wa sultani..."

"Alikuwa mpangaji," nilimwambia.
"Na hakulipa."