Mraba wa Kamba

Jumamosi nafunga kinu cha posho Kapsokwony,
wateja wakinung'unika na debe zao,
napanda Chepkitale na Naibei, fundi cherehani,
kamba ya mita nne, vijiti vinne.

Tunapiga magoti. Umande unapenya suruali.
Ndani ya mraba: nyasi, nyasi, kinyesi cha funo,
majani aina kumi na moja. Tunaandika kwa penseli,
maana wino hulia ukinyeshewa.

Aina ya kumi na mbili ni kijiua, saizi ya kifungo.
Naibei, mjuzi wa vifungo, ananyamaza.
Kitabuni hakimo. Simuni hakimo,
hata tulipoipandisha juu ya jiwe kutafuta mtandao.
Penye jina naandika: bado.

Sasa kinakauka ndani ya gazeti la mwaka juzi,
chini ya gunia la mahindi ambalo mwenyewe hajalirudia.
Kinaliwa? wananiuliza. Kinatibu nini? Soko lake wapi?

Sijui.
Mimi nilizaliwa huko juu, mvua ikinyesha,
hakuna aliyeandika siku.
Kitambulisho nilikiendea nina miaka thelathini na moja,
karani akaniuliza:
una hakika ulizaliwa?