Taa ya Mkono wa Kushoto

Mama ametimiza sitini na saba.
Hataki keki, hataki kitenge kipya,
hataki wanakwaya waje kusimama sebuleni
na njaa zao.
"Nipelekeni Ijwi," alisema, "nikamwone mtu."
Mtu gani, hakutaja.

Tukatoka Bukavu alfajiri,
ukungu umelala juu ya Nguba
kama mgonjwa asiyetaka kugeuzwa.
Boti ilibeba mabati, magodoro, mbuzi wawili,
na Mama katikati, mkoba mapajani:
mkate, sambaza wa kukaanga,
na kitu kilichofungwa kwa gazeti, usikiguse.
Kaka yangu Bahizire akahesabu jaketi za kuelea.
Sisi ishirini na wanane, zenyewe tisa.
Mama akacheka. "Ziwa hili linanijua."

Mji wenyewe ni barabara moja na nusu:
maghala ya kahawa ya wazungu, mapaa yamebonyea,
mikwinini imeota hovyo kama nywele za yatima,
na nyumba kubwa isiyo na madirisha
ambamo popo hulipa kodi kwa kinyesi.

Kijana wa kutembeza wageni, Ntwali,
shati lake limepigwa pasi hadi linakata,
faranga elfu tano kwa kichwa, watoto bure.
Akashusha sauti, padri wa Ijumaa Kuu:
"Hapa ndipo Madamu anapotembea.
Alipoteza pete yake kwenye sakafu za kuanikia buni.
Usiku usio na mwezi hushuka, mweupe mzima,
taa mkono wa kulia,
miguu hana, kisogo hana.
Mlinzi mmoja alimwona, akawa bubu hadi kufa."

Mwanangu Asifiwe akanibana kidole.
Mama alisikiliza kama mtu anayemsikiliza
mtoto akisoma kwa sauti mara ya kwanza.
Kisha akasema: "Kushoto."
"Nini, Mama?"
"Taa. Ilikuwa mkono wa kushoto.
Wa kulia ulishika shuka, lisiburure matopeni."

Popo walinyamaza. Au ni sisi.

Alikuwa na miaka kumi.
Baba yake alivusha kahawa ng'ambo kwa mitumbwi,
magunia ambayo kampuni haikuyahesabu,
na akahitaji mtu mwepesi, asiyekohoa.
Madamu halisi alikuwa amesharudi kwao,
mzima, na pete yake kidoleni.
Shuka lilitoka misheni.
Woga walikuja nao walinzi wenyewe.
"Mimi nilitembea tu," alisema.
"Miguu waliikata wao."

Ntwali akamrudishia noti zake.
Mama akazikataa. "Wewe endelea. Unasimulia vizuri kuliko nilivyotembea."

"Na yule bubu?" Bahizire akauliza.

Hapo ndipo alipoufunga mkoba
akapanda kilima, bila kuuliza njia,
hadi mlango wa bluu, na kikongwe akichambua maharage.
Akafungua gazeti: kioo cha taa,
cheusi bado kwa masizi, hakina ufa.
"Nimekuja kuomba radhi kwa mumeo.
Mimi ndiye niliyemnyang'anya sauti."

Kikongwe akakigeuza kioo, akakipuliza vumbi.
"Bubu? Yule?
Alinigombeza miaka arobaini kuhusu chumvi."
Akacheka, jino moja likashuhudia.
"Aliviona vidole vyako vya miguu, mwanangu,
chini ya shuka. Akavihesabu: kumi, vya mtoto, vina funza.
Wenzake walipomuuliza ameona nini,
akafunga mdomo.
Nyumbani aliufungua. Kule juu, hakuufungua tena."

Mama hakusema neno. Alichukua ungo
akaanza kuchambua maharage naye,
na sisi tukasimama uani na mkate wetu wa sherehe
hatujui pa kuuweka.

Jioni, ziwani, Asifiwe akauliza:
"Bibi, yule mzimu amekufa?"
Mama alikuwa amevua viatu,
miguu majini, anaiosha
kidole kimoja, kisha kingine,
polepole mno, nahodha akapiga honi mara mbili,
naye ndiyo kwanza amefika cha saba.