Mstari wa Saba

Fomu ya forodha ina mistari kumi na miwili.
Sita ya kwanza niliimaliza kabla chai haijapoa:
muuzaji, Syombua Nzioki;
mahali, Kariokor, kibanda cha themanini na tatu;
bidhaa, vikapu; idadi, mia mbili na arobaini.
Wa saba ukanikwamisha kalamu.
Taja mmea uliotoa uzi.

Nikaandika katani.
Nikakumbuka Jumapili za Makadara,
makuhani wa Agano la Kale wamevaa kitani,
nami mtoto nikidhani wamevaa magunia,
nikiwahurumia kwa kujikuna.
Kitani, katani: irabu moja tu imehama.
Mama yao mmoja, neno la Kiarabu;
huyu akapanda madhabahuni,
yule akabebeshwa viazi Wakulima.
Ndugu wa tumbo moja, hawasalimiani.

Nikakata. Nikaandika mkonge.
Lakini mkonge nao, nasikia, ulikuwa na mwenyewe:
lile jani la porini lenye mabaka,
lililosokotwa kamba kabla shamba la kwanza halijapimwa.
Mgeni alishuka melini, akakuta jina limeanikwa,
akalivaa.
Mpaka leo hajalivua.

"Mnunuzi anaiitaje?" Syombua akauliza,
ameketi juu ya debe, uzi ukizunguka pajani.
Sisali, nikamwambia.
Akacheka mpaka uzi ukamponyoka.
"Husali? Basi hilo ni lako na Mungu wako."

Nikamweleza: ni bandari, mbali, Meksiko.
Marobota yaligongwa muhuri wa mji yalikopakiwa,
na muhuri ukageuka jina.
Ni kama kila mtoto aliyezaliwa Pumwani
aitwe Pumwani.
Mimi nilizaliwa pale.
Bahati mama alikuja na jina mkobani.

Na kabla ya bandari, Wamaya walisema ki.
Ki, basi.
Kwetu hiyo ni kichwa cha neno kinachosubiri mwili:
ki-kapu, ki-tani, ki-banda, ki-tu.
Kwao lilikuwa neno zima, lenye miiba na utomvu.
Nililipenda hilo. Nilikaribia kuliandika.
Afisa wa kaunta angeliona
angenirudishia fomu, aniambie nimalize sentensi.

"Andika kamba," akasema Syombua.
"Mimi Mkamba, uzi kamba,
na wasipoamini watasema nimewapiga kamba."
Kisha akanyamaza, akalamba kidole,
akaunga uzi mpya kwenye mkia wa ule wa zamani.

"Baba alikata haya majani Kibwezi.
Miaka kumi na tisa.
Sikumsikia akiyaita jina.
Jioni alikuja, akatumbukiza mikono kwenye karai,
akasema: leo imenichoma.
Au: leo haikunichoma sana.
Sisi watoto tulijua ni nani."

Nje mtu alikuwa akibishana bei ya ngozi,
moshi wa nyama choma ukiingia bila hodi.
Kariokor, nikawaza:
wapagazi wa vita visivyo vyao
waliitwa kwa maneno mawili ya Kiingereza,
tukayatafuna, tukayameza, tukajenga soko juu yake.
Hapa unanunua viatu vya ngozi, unakula mbavu,
husikii mzigo ukishushwa.

Saa tisa na nusu. Kaunta hufungwa kumi.
Nikaandika Sisal,
kwa sababu kisanduku kilikuwa kifupi
na mnunuzi ndiye mwenye pesa.
Herufi ya mwisho ikapinda, ikagusa mstari wa chini.
Katani iliyokatwa bado inasomeka, ukiinamisha karatasi.

"Wa nane unauliza nini?"
Uzito, nikamwambia.
Syombua akasimama, akakung'uta nyuzi kwenye leso.
"Huo," akasema, "usipunguze."