Kipande Namba Thelathini na Moja

Mimi dereva. Naomba lieleweke hilo mwanzo.
Sikusomea vitu vya kale, nilisomea barabara,
na hii ya Haima nimeisoma hadi herufi zimefutika:
changarawe, ngamia, changarawe, mnara wa simu,
kituo cha mafuta chenye paka wa jicho moja.

Jumba la makumbusho lina ngazi za marumaru, Maskati.
Watoto wa huku hawazifikii.
Basi jumba tumelikunja, tumelitia masanduku tisa,
linawafuata nyumbani kama muuza vyombo.
Njia nzima Bi Zuwena husema mawili tu:
"Sleyum, tuta." Tuta naliona.
"Sleyum, ngamia." Ngamia naye anatuona.

Ukumbini, meza zimevikwa vitambaa vyeusi.
Khanjari bila mkanda. Sarafu zilizoota ukijani.
Kigae cha mtungi wa Bahla.
USIGUSE, mara nne, kwa wino mwekundu.
Wakaingia mikono nyuma, kama mahabusu,
na Tuful wa darasa la tano akasema, si kwa sauti:
"Kama hatugusi, mngetuletea picha."

Kisha namba thelathini na moja.
*Kigoda cha mbao, hukunjika.
Kina ulimi wa chuma wenye meno.
Chatoka nyumba moja ya Matrah.
Matumizi: hayajulikani.*

Musallam alisema ni kitandiko cha ndama wa ngamia.
Mwingine, kiti cha kinyozi.
Wa tatu alisema ni cha kumtoa mtu siri,
mwalimu akamfinya sikio.

Nami mlangoni, funguo mkononi, nikacheka.
Hilo ndilo kosa langu.
"Mbuzi hiyo," nikasema,
Kiswahili kikanitoka kama chafya,
ikabidi niwafasirie.

Watoto wa Haima hawadanganywi juu ya mbuzi.
Walicheka hadi meza ikatikisika.
Tuful akainama, akachungulia chini ya ubao:
"Huyu anakamuliwa wapi?"
Nikamwambia: huyu hukamua nazi.
Maziwa yake yanaitwa tui.

Nikawaambia habari za mama, Ijumaa asubuhi, Al-Khuwair,
khanga kifuani, amemkalia mbuzi wake,
kwaru, kwaru, na sisi sita tumemzunguka
tukidokoa kabla hajageuka.
Siku zake za mwisho alilisahau jina langu.
Ukimpa kifuu cha nazi, hakuuliza cha nini.

Garini nilikuwa na nazi moja,
nimeinunua kwa lori la Salala pale kwa paka.
Nikamtazama Bi Zuwena.
Akatikisa kichwa: mbao imechoka, haibebi mtu.
Kweli, imechoka.

Basi nikachuchumaa kando yake, si juu yake,
magoti yakalia,
nikakuna hewa.
Kiganja kikazunguka chenyewe, kushoto, kulia,
sikujua kama bado kinajua.
Ukumbi ukawa kimya, mashine ya baridi peke yake ikinguruma.
Tuful akatoa mikono mgongoni,
akaikinga chini ya ule ulimi wa chuma, bila kuugusa.
Akafuata Musallam. Wakafuata wengine,
viganja juu ya viganja,
na mmoja, simjui jina,
alipoondoa chake alikilamba.

Usiku, njia ya kurudi, Bi Zuwena aliwasha taa ndogo.
Akatoa penseli, akakata neno *hayajulikani*,
akakaa nalo kidogo, limekatwa, bado linasomeka.
"Mbuzi. Kwa Kiarabu niandikeje?"
Anza na mim, nikasema, lakini usiipe irabu.
Ibane kwenye ba, kama mtu anayezuia kicheko.
Akaandika. Akafuta. Akaandika.

"Sleyum, tuta."
Safari hii sikuliona.
Sanduku la saba likaguna,
na nazi ikatoka chini ya kiti,
ikabiringika huku na huko miguuni mwetu
mpaka Adam.